Ubao wa ajua wa babu umenifikia, lakini kanuni zake zimenipotea

Mwana wa Seme, Nakuru, anauliza:

Hamjambo ndugu na dada zangu. Mwezi uliopita tulirudi nyumbani Seme kumzika shangazi yetu, na vitu vya nyumba yake vilipogawanywa nilikabidhiwa kitu ambacho sikukitarajia: ubao wa ajua, yaani bao la Kiluo, wa babu yangu, uliochongwa katika gogo moja, wenye safu mbili za mashimo manane manane, mweusi kwa mafuta ya mikono iliyoushika tangu kabla sijazaliwa. Nimekuja nao hapa Nakuru, nikauweka juu ya meza ya sebuleni, na tangu siku hiyo wanangu wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka sita, hawaachi kuniuliza unachezwaje.

Ninaona aibu kusema kwamba sijui. Nakumbuka babu akiketi chini ya mwembe na rafiki yake, nakumbuka sauti ya kete zikidondoka shimoni moja baada ya nyingine, na nakumbuka kwamba kila shimo lilianza na kete tatu. Nakumbuka pia kwamba kete zilikwenda zikizunguka. Lakini ni wakati gani mchezaji anasimama, na anazikamata vipi kete za mwenzake, hayo yamenitoka kabisa, na babu hayupo wa kuulizwa, na sasa shangazi naye ametutoka.

Kuna jambo la pili. Mwanangu mkubwa aliambiwa shuleni apeleke kifaa cha kuchezea kilichotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana nyumbani, kama mtaala wa umilisi unavyotaka, nami nilijikuta nikielekea dukani kununua gari la plastiki. Nilisimama mlangoni mwa duka nikajiuliza imekuwaje, kwa sababu mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake sikuwahi kuwa na kitu cha kuchezea ambacho sikukitengeneza au ambacho kaka yangu hakunitengenezea. Tulipokwenda kwa mjomba kule Dunga tulikuwa tukivunja mashina ya gugumaji, yale yaliyovimba kama chupa kwa sababu yamejaa hewa, tukayafunga mawili mawili kwa ukindu, tukachomeka jani moja katikati liwe tanga, tukayaachia ziwani. Mjomba alilichukia gugumaji kwa sababu liliziba njia ya mitumbwi na kumkosesha samaki. Sisi tuliliona kuwa karakana ya mashua isiyokwisha.

Basi ninaomba mambo mawili. Anayejua ajua anieleze kwa utaratibu, kama anavyomfundisha asiyejua lolote. Na anayekumbuka kifaa alichokitengeneza kwa mikono yake aseme kilitengenezwaje, kwa kuwa majina ya michezo ninayo, ila namna ya kuitengeneza ndiyo imenipotea.

Mwalimu Mstaafu, Maseno, anajibu:

Ndugu yangu, kwanza pokea pole zangu kwa msiba wa shangazi. Ajua nilifundishwa na mdogo wake baba, na nitaeleza kama tulivyoucheza nyumbani kwetu. Usishangae mtu wa kijiji kingine akija hapa na kanuni iliyo tofauti kidogo.

Ketini mkikabiliana, ubao ukiwa kati yenu kwa urefu. Safu iliyo karibu nawe ni yako, na ile ya ng'ambo ni ya mwenzako. Wekeni kete tatu katika kila shimo, na kwa kuwa mashimo ni 16 mtahitaji kete 48. Kama zile za babu zimepotea, maharagwe makavu yanatosha. Mwenye zamu huchota kete zote za shimo moja la upande wake, akazigawa moja moja katika mashimo yanayofuata akielekea kulia kwake, na akifika mwisho wa safu yake anavuka kuingia safu ya mwenzake na kurudi nayo, hivyo kwamba anauzunguka ubao. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, anazichota zote, pamoja na ile aliyoiweka sasa hivi, na kuendelea kugawa kuanzia shimo linalofuata. Ikiangukia shimo tupu, mwendo wake umelala na zamu ni ya mwenzake.

Kukamata ni hivi. Ikiwa shimo hilo tupu liko upande wako, na katika mwendo huo huo umekwisha kupita upande wa mwenzako, basi unatwaa kete zote zilizo katika shimo linalolitazama kutoka ng'ambo na kuziweka pembeni. Ile kete yako ya mwisho inabaki mahali pake. Mwendo ukilala upande wa mwenzako hupati kitu. Mchezo unakwisha mmoja anapofikiwa na zamu na hana kete ya kuchezesha; mwenzake anakusanya zilizobaki upande wake, kisha mnahesabu, na mwenye zaidi ya 24 ndiye mshindi.

Ili ujue kama umenielewa, jaribu hili leo jioni pamoja na watoto. Yape mashimo yako namba, moja hadi nane, kutoka kushoto kwenda kulia. Anza na shimo la kwanza. Kete tatu zitakwenda la pili, la tatu na la nne. La nne sasa lina kete nne, unazichota na kuzigawa hadi la nane. Unachota tena, unavuka, na kadhalika, mpaka unarudi nyumbani na kete yako ya mwisho inaangukia shimo la nne, ambalo uliliacha tupu ulipolichota. Tazama ng'ambo: shimo linalokutazama lina kete nne, nazo ni zako. Ukiona matokeo mengine, ujue umekosea kugawa mahali fulani. Nami nakuongezea jambo ambalo nililigundua nikiwa darasa la sita, nililolifurahia kuliko alama yoyote niliyopata mwaka huo: katika mwendo wa kwanza kabisa wa mchezo, ukianza na shimo lolote kuanzia la kwanza hadi la tano utarudi nyumbani na kukamata kete nne, lakini ukianza na la sita, la saba au la nane mwendo wako utalala ng'ambo, mikono mitupu. Mwache mwanao wa miaka tisa aligundue hili mwenyewe. Usimwambie.

Baba mdogo alikuwa na sharti moja ambalo sasa ndilo ninalolithamini kuliko kanuni zote. Hukuruhusiwa kugusa kete ili uzihesabu. Shimo lilihesabiwa kwa macho, na aliyegusa alilazimika kucheza shimo alilogusa, hata kama lilikuwa la kumwangamiza. Nilifundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, na watoto waliotoka katika nyumba zenye ubao niliwatambua katika juma la kwanza, kwa sababu walitulia kwanza, wakatazama, ndipo wakashika kalamu.

Binti wa Kimilili anajibu:

Mwalimu amenikumbusha jambo lenye uchungu kidogo, kwamba kwetu ubao ulikuwa wa wanaume na sisi wasichana tulitazama kutoka jikoni. Lakini hatukukosa michezo, na nadhani yetu ilihitaji ustadi usiopungua wao.

Kaka Mwana wa Seme, ikiwa una binti, au hata kama huna, mfundishe mwanao mdako, ambao sisi tuliuita kora. Chimba shimo dogo upana wa sahani, au chora duara sakafuni, na utie ndani kokoto kumi na mbili hivi, laini, za kulingana. Tulizichagua mtoni na kila msichana alikuwa na zake alizozihifadhi ndani ya soksi kuukuu. Kokoto moja zaidi, ya kurushwa, huwa mkononi. Unairusha juu, na kabla haijashuka unazichota zilizo shimoni kwa mkono huo huo na kuzitoa nje, kisha unaidaka. Unairusha tena, na safari hii unazirudisha zote shimoni isipokuwa moja, ambayo inabaki nje kuwa yako. Ukimaliza kwa moja moja unaingia mbili mbili: unazirudisha zote isipokuwa mbili. Kisha tatu tatu. Ukirudisha idadi isiyo sawa, au kokoto ya juu ikaanguka, unampisha mwenzako. Ni mchezo wa kuketi chini, usio na kelele, na ndiyo maana mama zetu waliupenda wakati wa mvua.

Na wanasesere wetu walitoka shambani. Mwezi wa sita, mahindi yanapotoa ndevu, unachuma hindi changa ambalo ndevu zake bado ni laini, unalifunga kitambaa cha leso kiunoni, na kazi yote inakuwa nywele. Palikuwa na mahindi yenye ndevu za kijani hafifu, mengine za rangi ya dhahabu, mengine nyekundu kama udongo wa kwetu, na tulitembea mistari yote ya shamba tukitafuta mwana mwenye nywele nyekundu. Tuliwasuka, tukawabeba mgongoni, tukawapa majina. Mama alikuwa akituadhibu kwa sababu hindi lililochumwa hivyo ni chakula kilichopotea, na sikuelewa ukubwa wa hasara hiyo mpaka nilipojifunza kilimo sekondari: kila uzi mmoja wa ndevu umeunganishwa na punje moja, na chavua hupitia uzi huo kuifikia punje yake. Kwa hiyo mwana wangu mwenye nywele nyingi alikuwa ndiye hindi ambalo lingejaa punje nyingi. Hadi leo nikipita kando ya shamba la mahindi mwezi huo mkono wangu hutaka kuchuma, na huuzuia.

Siku hizi ninawafundisha wapwa zangu kutumia gunzi kavu baada ya mavuno. Nywele tunaweka za katani. Si sawa, lakini hakuna anayelala njaa.

Mwana wa Seme anajibu:

Mwalimu, nimejaribu. Tulitumia maharagwe, nikaanza na shimo la kwanza kama ulivyosema, na kete ya mwisho iliangukia shimo la nne mbele ya macho ya watoto. Mwanangu mdogo alipiga makofi kana kwamba nimefanya mazingaombwe. Sikuwaambia juu ya shimo la sita. Dada wa Kimilili, asante sana, kokoto tumezipata.

Bado ninahitaji msaada wa gari la waya kwa ajili ya shule. Kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi wetu na mimi nilikuwa wa kusukuma tu.

Fundi wa Waya, Mumias, anajibu:

Hapo umenipata penyewe, ndugu. Kwetu hatukuanza na magari madogo. Tulianza na trekta za miwa, kwa sababu ndizo zilizopita mbele ya nyumba mchana na usiku, zikivuta tela mbili zilizojaa miwa hadi pomoni, na mtoto hutengeneza kile anachokitamani kila siku. Lakini kwa anayeanza, gari la kawaida linatosha.

Tafuta waya wa aina mbili. Wa kwanza ni mnene kiasi, kama ule wa kutundikia nguo kabatini, unaopindika kwa nguvu ya mkono lakini haurudi. Huo ni wa fremu. Wa pili ni mwembamba na laini, ule mafundi wa ujenzi wanaoutumia kufungia nondo, unaouzwa kwa kupimwa kilo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Huo ni wa kufungia viungo. Sisi tulikuwa tukichoma tairi kuukuu ili tupate waya uliomo ndani ya ukingo wake, jambo ambalo sitaki mwanao alifanye, kwa sababu moshi wake ni mbaya na nina kovu la moto huo mguuni.

Anza na sakafu ya gari: pinda waya mnene uwe mstatili, urefu wa dhiraa moja ukitaka kubwa, shubiri moja na nusu ukitaka dogo. Kisha tengeneza mstatili mwingine mdogo zaidi, huo ni paa, na uunganishe na sakafu kwa nguzo nne. Kila kiungo kizungushie waya mwembamba mara tano au sita na uukaze kwa koleo. Kiungo kikilegea, gari zima litapinda kwenye kona ya kwanza. Magurudumu ni patipati kuukuu. Chora duara kwa kutumia mdomo wa kikombe, kata kwa wembe (mtu mzima ndiye akate), na utoboe katikati kwa msumari uliopashwa moto kidogo ili tundu liwe laini. Tundu liwe pana kuliko ekseli, gurudumu lizunguke lenyewe, na mwisho wa ekseli upinde waya ili lisichomoke.

Sasa usukani, ambao ndio moyo wa gari. Ekseli ya mbele usiifunge kwa ukamilifu kwenye fremu. Ifunge katikati tu, kwa kitanzi kimoja, ili iweze kugeuka kushoto na kulia. Kutoka hapo katikati panda na waya mrefu, au ufito mwembamba uliofungwa kwa mpira wa tyubu, upite juu ya paa kuelekea nyuma, ufike kifuani kwa mtoto akiwa amesimama. Mwishoni weka duara la usukani. Mtoto anatembea nyuma ya gari, anasukuma, anageuza usukani, na magurudumu ya mbele yanamtii. Siku gari langu la kwanza lilipokata kona kwenye njia ya kwenda kisimani, nilikuwa na miaka kumi, na nimekuwa fundi wa vyuma tangu siku hiyo, ingawa cheti nilikipata miaka mingi baadaye.

Umeuliza pia kwa ujumla juu ya vitu tulivyotengeneza, basi niongeze mpira. Mpira wetu wa mwisho ulikuwa wa mifuko ya plastiki iliyokunjwa na kufungwa kamba ya katani kwa mafundo yanayokatana, na ulidunda vizuri. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, watoto wa hapa wamerudi kwa kile babu zetu walichotumia, majani makavu ya mgomba. Kunja majani kwa nguvu yawe kama ngumi, zungushia vitambaa, kisha funga kwa kamba za maganda ya mgomba zilizolowekwa maji. Zikikauka zinajikaza zenyewe. Haudundi kama ule wa zamani, na mvua ikinyesha unakuwa mzito, lakini unadumu hata juma zima. Nami ninafurahi kuona mitaro yetu bila ile mifuko.

Mjukuu wa Shinyalu anajibu:

Nina machache tu. Kwetu Kakamega, mtoto wa kiume hakuhitaji gari, alihitaji fahali. Tulikwenda kandokando ya mto Isiukhu, tukachimba udongo wa mfinyanzi, tukautoa changarawe kwa vidole, tukaukanda mpaka ukawa kama unga wa ugali uliosongwa vizuri, tukaumba mafahali wenye nundu kubwa. Pembe tuliweka miiba. Kosa la wanaoanza ni kuwaanika juani: watapasuka tumboni. Waweke kivulini siku tatu, ndipo uwatoe jua la asubuhi.

Kisha tuliwapiganisha kama tulivyoona wakubwa wakifanya alfajiri, kwa kuwasukuma pembe kwa pembe juu ya ubao, na fahali aliyevunjika kwanza ndiye aliyeshindwa. Tuliimba pia, na mmoja wetu alipiga mkebe badala ya ngoma ya isukuti. Fahali wangu wa mwisho bado yuko kwa mama, juu ya kabati la vyombo, bila pembe ya kushoto.

Mzee wa Kibuye, Kisumu, anajibu:

Nimesoma yote kwa furaha, ila naona mmesahau michezo ya mezani iliyokuja kutoka nje, ambayo nayo ilikuwa utoto wetu sisi tuliokulia mjini. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na pamoja nayo zikaja familia nyingi zenye asili ya India. Katika mtaa wetu jirani zetu ndio waliotufundisha ludo, tukiwa tumechuchumaa kwenye baraza la duka lao. Baadaye nilijifunza kwamba ludo ilisajiliwa Uingereza mwaka 1896, lakini imetokana na pachisi, mchezo wa Kihindi wa zamani zaidi, na hata nyoka na ngazi asili yake ni huko huko India. Kwa hiyo mchezo ambao vitabu vya shule vilituonyesha watoto wa Kizungu wakiucheza, sisi tuliupokea kwa watu ambao mababu zao waliuanzisha.

Karatasi tuliyonunua ilikuwa na ludo upande mmoja na nyoka na ngazi upande wa pili. Kilichopotea kwanza kila mara kilikuwa dadu. Tulichonga nyingine kutoka soli ya patipati, tukachoma nukta kwa msumari, na kaka yangu alisisitiza kwamba nyuso zinazopeana mgongo zijumlishe saba, moja na sita, mbili na tano, tatu na nne, kama ilivyo katika dadu ya dukani. Tulipokata vibaya, upande mmoja ukawa mzito, tukalijua jambo hilo kabla ya wageni wetu kulijua. Kosa hilo nililiungama kwao tukiwa watu wazima.

Na drafti, bila shaka, ya vifuniko vya soda, kumi na viwili kila upande, wako vikitazama juu na wangu vikitazama chini, juu ya kipande cha katoni kilichopakwa makaa katika nusu ya visanduku 64. Hiyo kila mtu anaijua, sina haja ya kuieleza.

Ningependa kumshauri Mwana wa Seme jambo moja la mafumbo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa jiografia, na alibandika ramani ya Kenya juu ya katoni ngumu kwa gundi ya unga wa ngano, akaikata kwa kufuata mipaka, akatupa vipande ndani ya bahasha. Ndivyo fumbo la vipande lilivyoanza hata kule London, ambako John Spilsbury, mchonga ramani, aliuza ramani zilizokatwa vipande katika miaka ya 1760 ili watoto wajifunze nchi. Wakati wetu vipande vilikuwa mikoa minane na tulimaliza upesi. Mimi nimewatengenezea wajukuu kaunti zote 47, na wanatoa jasho. Turkana na Marsabit haziwasumbui. Vihiga na Mombasa ndizo zinazopotea chini ya kochi. Kata vipande hivyo viwili mara mbili, uweke akiba.

Mkazi wa Lanet, Nakuru, anajibu:

Jirani, kwa kuwa uko Nakuru, usiishie sebuleni. Wapeleke watoto Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi, kilomita chache tu kutoka mjini ukiwa unaelekea Nairobi. Mary Leakey alichimbua pale mwaka 1937, na watu wengi huenda kutazama makaburi na mabaki ya makazi ya kale, lakini mimi huenda kwa sababu nyingine: kuna mbao za bao zilizochimbwa katika mwamba wenyewe, mashimo kwa safu, juu ya jiwe ambalo hakuna mtu atakayelirithi wala kulihamisha. Mara ya kwanza nilipoyaona nilipiga magoti nikatia vidole vyangu katika shimo moja baada ya jingine, na vilienea. Siku hizi ningewaomba watoto watazame bila kugusa, ili yadumu. Kisha waulize wanadhani mtu aliyeketi pale alitumia nini kama kete.

Kuhusu kanuni, Mwalimu ataniwia radhi. Marehemu mama mkwe wangu, aliyetoka Ugenya, alicheza kama alivyoeleza Mwalimu isipokuwa mahali pamoja: alipokamata, alitwaa pia ile kete yake ya mwisho iliyomfikisha pale, akisema kwamba mwindaji harudi nyumbani akamwacha mbwa wake porini. Kwa hiyo katika mwendo ule wa kwanza yeye angeondoka na kete tano, si nne.

Mwalimu Mstaafu, Maseno, anajibu:

Hakuna la kuwia radhi, ndugu wa Lanet. Nimewahi kucheza kwa kanuni hiyo pia, na inaubadilisha mchezo kuliko inavyoonekana, kwa sababu kila ukamataji unakuachia shimo tupu badala ya shimo lenye kete moja, na shimo tupu ni mtego unaokungoja mwendo unaofuata. Wachezaji wa kanuni yenu humaliza upesi zaidi. Muhimu ni kukubaliana kabla kete ya kwanza haijachotwa, maana nimeona wazee wawili, majirani wa miaka mingi, wakinyamaziana siku nzima kwa sababu ya kete moja hiyo.

Mwana wa Seme anajibu:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na habari.

Gari la waya lilikwenda shuleni Jumatano. Ekseli ya mbele niliifunga kwa kukaza mno, ikakataa kugeuka, mpaka niliposoma tena maelezo ya Fundi juu ya kitanzi kimoja. Tuliifungua usiku wa Jumanne, mimi na mwanangu, tukiwa na tochi ya simu. Sasa linageuka, ingawa kushoto linageuka vizuri kuliko kulia.

Jumamosi tulikwenda Hyrax Hill. Watoto walichuchumaa kando ya mwamba, na mdogo akahesabu mashimo kwa macho, mikono akiwa ameiweka nyuma, kwa kuwa nilimweleza sharti la baba mdogo wa Mwalimu. Mkubwa alisema kete zao lazima zilikuwa kokoto, kwa sababu mbegu zingeliwa na pimbi.

Kisha jana jioni, tukiwa mezani, mkubwa alianza na shimo la sita. Mwendo ukalala ng'ambo. Zamu yake nyingine ya kuanza, akajaribu la saba, ukalala tena. Hakusema kitu. Alizirudisha kete zote 48 mahali pake, akasogeza ubao upande wake, akajaribu peke yake shimo la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la nane, akiandika kila tokeo katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake la hesabu. Chakula kilipoa. Nilimwashiria mama yake amwache.

Nimempigia simu kaka yangu aliyeko Siaya nikamsimulia. Amesema kwamba kete za asili za babu hazikupotea, ziko kwake ndani ya kibuyu, na alizichukua siku ya mazishi ya babu bila kumwambia mtu. Atazileta Desemba. Ninamwomba Mkazi wa Lanet anikumbushe kabla ya hapo: mama mkwe wako alipomkuta mwenzake hana kete, je, alimpa nafasi moja zaidi au mchezo ulikwisha papo hapo? Kaka yangu anadai babu alitoa nafasi.